Uliza Tu Nafula

Sisi mafundi wa nguo hatusomi gazeti, tunalikata. Jirani yangu wa duka la dawa hapa Uthiru hunipa magazeti yake akishamaliza kuyasoma, nami nayatandaza mezani, nachora kola au mkono wa blauzi, kisha napitisha makasi. Juzi makasi yalikuwa yameshafika karibu na sikio la mwanamke mmoja nilipogundua kwamba ni ukurasa wa matangazo ya vifo, na kwamba uso ule naujua. Nikaweka makasi chini. Nywele zilikuwa zimeota mvi, lakini shingo ilikuwa ile ile, ndefu, imenyooka kama ya mtu anayetafuta mwenzake katikati ya watu wengi. Waithera. Tangazo lilisema maombi yanafanyika kila jioni nyumbani kwake Muthangari hadi siku ya mazishi. Nilifunga duka mapema, nikanunua mkate, maziwa, sukari na unga wa ngano, nikavipanga kwenye kiondo, nikaenda.

Nyumba bado ipo, ingawa sasa imezungukwa na maghorofa yanayoichungulia kutoka kila upande. Sebule ilikuwa imejaa viti vya plastiki na watu wanaoongea chinichini. Nilipata nafasi nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, nikasukuma kiondo changu chini ya kiti. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akasema, "Kabla hatujaomba, tujijulishe. Utaje jina lako, na marehemu alikuwa nani kwako." Wakaanzia mlango wa mbele. Huyu ni binamu, yule ni jirani, yule waliimba pamoja kwaya, mama mmoja mwenye miwani amefanya mazoezi naye miaka mingi na goti lake limepona. Kila mmoja alikuwa na neno lake tayari, la kumtosha. Kadiri zamu ilivyonisogelea ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mimi sina. Ningesema nini? Kwamba niliwahi kuja hapa mara moja, nikalala kwenye mashine, nikanywa chai, nikaenda zangu? Lakini mwaka ule mzima, nikiuangalia sasa, umeegemea ile mara moja.

Ilikuwa kama mwaka wa 2006 hivi. Nilikuwa nakaa mtaa wa Satellite, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, chumba cha mwisho karibu na mfereji wa maji. Chumba kilikuwa cha Rispa kwanza, mimi nilihamia kwake. Rispa alikuwa mtu wa kusalimia hata paka. Akienda kununua mboga ya dakika mbili alirudi baada ya saa nzima akiwa na habari za kila mlango, na mimi nilizipokea zikiwa moto, nikicheka, bila haja ya kutoka nje. Halafu akaolewa, akahamia Kisumu, akaniachia jiko la mafuta, kitanda, na vikombe viwili vya udongo vyenye maua ya samawati. Muda si mrefu simu yangu ikaibwa mjini, sikununua nyingine, na sauti yake pia ikaenda. Mimi si mtu wa huzuni, niliumbwa nikiwa na kicheko karibu. Basi nikajifanyia michezo yangu. Asubuhi nilikunywa chai kwa kikombe kimoja, jioni kwa kile kingine, ili kisijione kimesahaulika. Nikisikia kupitia ukutani jirani akigombana na mume wake kuhusu nani alimaliza maji ya mtungi, nilikuwa natoa uamuzi wangu kimoyomoyo, na mara nyingi mume ndiye alikuwa na makosa. Ningeweza kupitisha wikendi nzima hivyo, nikisikia kila mtu na hakuna anayenisikia mimi.

Kazini nako tulikuwa watu wachache, kwenye ghorofa ya juu ya jengo moja la zamani katikati ya mji, ngazi zake zikiwa zimelika katikati kama sabuni. Tulikuwa tunarekebisha nguo: kupunguza, kuongeza, kubadilisha zipu. Cherehani yangu ilikuwa imetazama dirisha, na ya Baba Shiro, fundi mkubwa, ilikuwa imetazama mlango ili aone wateja kabla hawajamwona. Waithera alipanda zile ngazi siku moja bila kuhema, jambo ambalo lilimshangaza Baba Shiro kuliko urembo wake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amebeba mfuko wa trakisuti nyeusi za kupunguza kiunoni. Alinitazama jinsi nilivyojikunja juu ya cherehani.

"Wewe hukaa hivyo siku yote?"

"Ndiyo, madam."

"Na mgongo?"

"Upo tu, madam."

Akacheka, akaeleza kwamba anafundisha mazoezi yanayoitwa Pilates, kwa mashine, nyumbani kwake Muthangari, kwenye chumba kilichokuwa gereji. "Kuja Jumamosi ujaribu. Siku ya kwanza halipishwi mtu. Karibu kabisa, usiogope." Akanichorea njia kwenye kipande cha karatasi ya kuchorea nguo. Alipoondoka tu, Baba Shiro akaanza.

"Umealikwa wapi, Nafu? Kwa Pilato? Yule wa kunawa mikono?"

"Achana na mimi, Baba Shiro."

"Mimi nakuonya kama mzazi. Ukiona msalaba, toka mbio."

Alinitania wiki nzima, lakini mimi nilikuwa mbali. Nilikuwa nimealikwa! Kwetu mtu akikwambia karibu, tena akakuonyesha njia, ameshakutoa katika hesabu ya watu asiowajua. Sikufikiria mazoezi hata kidogo. Nilifikiria sebule, na maswali ya unatoka wapi, mko wangapi kwenu, na mimi nikijibu polepole ili chai isiishe haraka. Jumamosi nikavaa gauni langu la kanisani, la kijani lenye mkanda, nikachana nywele vizuri, na kama mtu yeyote aliyelelewa sikutoka mikono mitupu. Nilipita dukani nikanunua mkate, maziwa, sukari na unga wa ngano. Kiondo kilikuwa kizito mpaka kikaniacha na alama kwenye bega.

Askari wa lango alinitazama mimi, akatazama kiondo. "Hizo ni za jikoni? Pitia nyuma."

"Hapana, mimi ni mgeni. Nimealikwa."

Akanifungulia, lakini nilisikia akijisemea, "Mgeni na unga," kama mtu aliyesoma kichwa cha habari asichokielewa.

Kile chumba nakiona mpaka leo. Sakafu ya mbao iliyong'arishwa, ukuta mmoja wa vioo, na mashine nne zimejipanga kama vitanda vya wodi. Kila moja ilikuwa na fremu ya mbao, juu yake kigodoro kinachoteleza kwenye reli, upande wa miguu chuma cha kukanyagia, chini springi, na kamba mbili za kushika kwa mikono au kuingiza nyayo. Wanawake watatu walikuwa wamefika, wamevaa nguo za kubana na soksi zenye vinundu vya mpira chini, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mmoja alikuwa analalamika kuhusu barabara ya Kitisuru kuchimbwa tena. Nikasimama mlangoni na gauni langu la kijani. Walinisalimia vizuri, sitawasingizia. Lakini mmoja aliniuliza kwa upole, "Unamtafuta nani, mami?"

"Ananitafuta mimi," Waithera akasema, akanishika mkono. Hakucheka gauni. Alinipeleka kando, akanipa trakisuti nivae. Nilipoipandisha kiunoni nikautambua mshono. Ilikuwa mojawapo ya zile nilizopunguza kwa mikono yangu wiki ile ile. Kiondo nilikisukuma chini ya benchi, nyuma ya viatu vya raba vya wale wengine, nikaona haya kwa niaba ya mkate.

Basi nikalala chali. Akaniweka miguu kwenye chuma, akaniambia nisukume, na kitanda kikaondoka na mimi! Nilipiga kelele. Kigodoro kilikwenda nyuma kama droo inayovutwa, nikarudi kwa kishindo, springi zikalia, wale wanawake wakacheka na mimi nikacheka zaidi yao. "Polepole," Waithera akasema. "Usirudi kama umefukuzwa. Rudi kama unapenda unakorudi." Nikajaribu tena. Halafu akapunguza springi, nikadhani ananihurumia, kumbe springi ikiwa nyepesi ndiyo kazi ngumu, maana hakuna kitu cha kukushika, unajishika mwenyewe. Akaingiza nyayo zangu kwenye kamba, miguu ikapanda juu, nikawa naichoresha duara hewani, mapaja yakitetemeka kama ya ndama. Kisha akapiga magoti kando yangu, akaweka kiganja chake chini ya kiuno changu, pale mgongo unapoacha nafasi, akasema, "Nilalie mkono. Usiushikilie mgongo, nipe mimi. Pumua."

Sikuwa nimeguswa na mtu tangu Rispa anikumbatie akiondoka. Salamu za mkono kanisani, ndiyo, na kusukumana mjini, lakini si kiganja cha mtu kinachokaa, kinachongoja. Nikapumua. Machozi yakatoka yenyewe, na kwa kuwa nilikuwa nimelala chali hayakushuka mashavuni, yaliingia masikioni, na nikaona hiyo inachekesha pia, kwa hiyo nikawa nalia na kucheka na miguu yangu iko hewani imefungwa kamba. Waithera aliona. Aliacha mkono pale pale, akawahesabia wale wengine mazoezi yao akiwa amepiga magoti.

Darasa lilipokwisha niliketi kwenye benchi, nikatulia, nikingoja tuingie ndani. Nilidhani ndiyo mazungumzo yanaanza. Wale wanawake wakafuta mashine zao kwa taulo, wakabusu hewa kando ya shavu la Waithera, wakasema Alhamisi basi, na nje milango ya magari ikafungwa mmoja mmoja. Gereji ikanyamaza. Nikaelewa, pole pole, kama mtu anayezinduka, kwamba hapa watu hawaji kutembelea. Wanakuja kufanya mazoezi na kwenda. Lakini kiondo kilikuwa pale, na sikuweza kurudi nacho Satellite kikiwa vile vile. Nikakitoa chini ya benchi, nikakishika kwa mikono miwili, nikampa.

"Nini hii?"

"Ni kidogo tu, madam. Ya chai."

Akatoa mkate. Akatoa maziwa. Alipofika kwenye unga akaketi juu ya mashine, kigodoro kikasogea naye kidogo, akakizuia kwa mguu. "Tangu mama yangu afe," akasema, "hakuna mtu ameingia kwa hii nyumba na mkate. Hawa wote huja na chupa ya maji na wanarudi nayo." Kisha akafuta pua kwa mgongo wa mkono kama mtoto. "Na uache kuniita madam. Naitwa Waithera. Twende tuchemshe chai."

Jikoni kwake kulikuwa na masufuria ya watu kumi yakining'inia, na kwenye kichanja cha vyombo kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja. Niliviona, na yeye akaniona nikiviona. Tulikula mkate wote na siagi. Aliniuliza maswali yale yale niliyoyatamani, nikamjibu, na mimi nikamuuliza yangu. Aliniambia baada ya darasa la mwisho huacha redio ikiongea katika chumba kingine ili nyumba isikike ina mtu. Nikamwambia habari ya vikombe vyangu viwili. Tulicheka mpaka akashika meza. Nilipoaga alikataa kunirudishia kiondo kitupu, kwao pia ni mwiko. Alikijaza maparachichi ya shambani, akaongeza ile trakisuti juu. Langoni akasema, "Sasa mimi ndiye nitakuja kwako. Jumapili ijayo, kanisa likiisha. Kwako ni wapi?"

"Satellite. Ukifika kwenye steji ya matatu uliza tu Nafula. Watakuleta mpaka mlangoni."

Nilisema hivyo kwa furaha, bila kufikiri, kama nilivyosikia watu wote wakielekezana maisha yangu yote.

Ile wiki sikuwa na miguu, nilikuwa naelea. Baba Shiro alisema Pilato amenipa ufalme. Jumapili niliamka mapema, nikapiga deki, nikafua pazia, nikaazima kiti kutoka kanisani. Nilipika kuku, nikapika chapati laini zile za kukunja mara mbili, nikaweka vile vikombe viwili mezani vikitazamana. Kisha nikakaa kitandani na gauni la kijani, nikasikiliza. Lango la ploti likigonga nilisimama. Alikuwa mtu wa makaa. Lango likagonga tena, walikuwa vijana wakirudi kutoka mpira, wakibishana kuhusu bao. Jirani akamwambia mume wake, "Si uende uone nani anapika kuku hivyo, labda watatuita," mume akasema, "Nani atakuita wewe na hiyo sura?" wakacheka wote wawili. Jua likatoka dirishani, likapita mezani, likavigusa vikombe, likaondoka. Sikula. Niliona nikianza kula nitakuwa nimesema hatakuja.

Giza lilipoanza kuingia nilitoka kwenda mfereji kuchota maji, maana machozi yanahitaji kunawa. Mama Brayo, yule jirani wa ukutani, alikuwa pale na ndoo.

"Leo umetutesa na harufu. Ulikuwa na wageni?"

"Hawakuja."

"Woi. Na umepika hivyo!" Akanitazama, nafikiri kwa mara ya kwanza. "Kwani wewe unaitwa nani? Sisi hukuita tu yule wa Rispa."

"Naitwa Nafula."

"Nafula. Haya, Nafula, lete hizo chapati kabla hazijawa ngumu. Tule pamoja."

Nilipeleka sufuria lote. Walikuja na watoto wao, na wa chumba cha nne, na vijana wa mpira, tukala wima pale nje, na kila aliyechukua chapati aliuliza jina langu. Usiku ule nililala nikiwa na jina kwenye ploti na uchungu kifuani, vyote pamoja. Kuhusu Waithera nilijiambia kwamba karibu ya watu wa magari ni kama "sasa" na "mambo", ni salamu tu, haimaanishi mlango. Kila mtu akipanda ngazi kule kazini nilinyanyua shingo. Hakuwa yeye. Kwenda kwake tena sikuweza: mtu akisema atakuja na asije, hufuati kumuuliza, unamwachia. Miezi michache baadaye mwenye jengo alitutoa wote apake rangi na kupandisha kodi, kila fundi akaenda njia yake. Trakisuti niliivaa mpaka magoti yakatoboka. Jioni nyingine nililala kwenye sakafu ya saruji, nikainua miguu, nikaichoresha duara, nikitafuta chini ya kiuno mkono ambao haukuwepo.

"Na mama wa nyuma pale, karibu na jikoni," mzee wa kanisa akasema. Sebule nzima ikageuka. Nikasimama.

"Naitwa Nafula. Mimi ni fundi wa nguo. Nilikuja hapa mara moja tu, zamani, nikafanya mazoezi."

Wakatikisa vichwa kwa adabu. Nilikuwa nimeanza kuketi wakati mwanamke mmoja aliyekaa kwenye kochi la wafiwa, dada yake Waithera, ambaye hadi hapo alikuwa ameinamisha kichwa, aliinua uso. Shingo ilikuwa ile ile.

"Nafula gani? Nafula wa Satellite?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Jamani," akasema, akiwageukia watu, kisha akanigeukia mimi. "Tulikutafuta! Mimi ndiye nilimwendesha. Tulifika stejini, tukauliza wa viazi, tukauliza wa mboga, tukaingia mpaka ndani kwenye maploti, tunauliza Nafula, Nafula. Kila mtu anasema huyo hatumjui. Alikuwa amebeba keki kwa mapaja, alioka mwenyewe. Tulizunguka mpaka nikamwambia, Waithera, huyu msichana amekudanganya, hakutaka uone kwake. Akasema hapana. Akasema labda ni yeye hakusikia vizuri. Baadaye alienda mpaka dukani kwenu mjini. Akapata rangi mbichi na watu wengine."

Nilishika kiti cha mbele yangu. Nilikuwa namwona, kwenye barabara yetu ya vumbi, na keki mapajani, akitaja jina langu mlango hadi mlango, na mimi nikiwa nyuma ya pazia lililofuliwa, nikisikiliza lango. Kama angesema yule wa Rispa, mtoto yeyote angemleta.

Mzee wa kanisa hakujua amalizie vipi. Alikohoa. "Kwa hiyo, mama, tuseme marehemu alikuwa nani kwako?"

"Alikuwa mgeni wangu," nikasema. "Nilikuwa nimempikia."

Nikaketi. Aliyekuwa kando yangu akasimama, akasema jina lake na kwamba walikuwa majirani. Chini ya kiti kiondo kilikuwa bado na mkate. Dada yake Waithera aliinuka kwenye kochi, akapita katikati ya magoti ya watu mpaka nyuma, akainama, akakichukua kwa mikono miwili, akaingia nacho jikoni.